Ndezi wa Baba Elvis

Mimi ni mtu wa usafi, na anayebisha aende akaulize kanisani. Kwangu hapa Awendo ungeweza kukaa sakafuni na nguo nyeupe ukainuka nayo nyeupe. Ijumaa, siku ya maandalio, naamka kabla ya majogoo wa jirani. Nafua, napiga deki, nasugua masufuria kwa jivu mpaka ujione uso, na jua likielekea kuzama ili Sabato iingie, hakuna hata kijiko kimoja kilicholala kichafu. Kinamama wa Dorkasi, chama cha wanawake kanisani kwetu, wakiwa na bibi harusi wa kufundishwa kazi za nyumba, walikuwa wanamleta kwangu. Nayasema haya mapema ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Mume wangu Zablon, Baba Elvis, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Na alikuwa na mdomo, jamani! Kuendesha kutoka Awendo mpaka Rongo si kazi kubwa, lakini kuisimulia safari hiyo kulimchukua jioni nzima, na ukimwacha unakwenda kulala bado yuko njiani. Mimi nilikuwa namwambia, "Baba Elvis, fupisha, ugali unapoa." Basi mwaka wa tisini na tano akapanda juu ya mzigo kufunga mnyororo, mguu ukateleza, akaanguka, nyonga ikavunjika. Alitibiwa akarudi nyumbani na magongo mawili na bila maneno. Asubuhi anatoka, anakaa kwenye benchi nyuma ya jikoni, anatazama ukuta. Ukimwuliza kama amelala salama, anasema ndiyo. Ukimwuliza kama anaumwa, anasema la. Miezi saba, ndiyo na la. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, Elvis yuko Nairobi, Dorine ameolewa, nyumba imebaki na sisi wawili na ule ukimya. Nilikuwa nagonga masufuria makusudi ili nisikie sauti ya kitu.

Ndipo wakaja ndezi.

Kama hujawahi kumwona ndezi, ni ndugu yake panya, ila huyu anampita paka kwa ukubwa, manyoya magumu, meno ya mbele rangi ya chungwa, na makao yake ni kwenye miwa na majani marefu. Jirani yetu alikuwa anakatiwa miwa. Wakata miwa wakamfukuza ndezi jike, jioni yule jike akawa kwenye sufuria ya mtu, na watoto wake watatu wakabaki kwenye majani makavu. Kijana mmoja akawaleta kwangu kwenye kofia akidhani nitanunua kitoweo.

"Sisi ni Wasabato," nikamwambia. "Panya hatuli, awe wa shambani awe wa dukani. Peleka mbele."

Nyuma yangu nikasikia, "Lete hapa."

Maneno mawili! Nikageuka nikadhani kuna mgeni. Ni Baba Elvis, ameinuka nusu kutoka kwenye benchi, amenyoosha mkono. Nilimnyang'anya yule kijana kofia yake kabla hajaifikiria bei, nikampa mkungu wa ndizi, nikamfukuza.

Wale watoto walizaliwa na manyoya na macho wazi, si kama wa panya wa nyumbani wanaozaliwa uchi. Baba Elvis akawanyonyesha maziwa kwa kitambaa. Akawapa majina: Klachi, Breki na Trela. Fundi akatujengea banda la mawe na mabati nyuma ya jikoni, kwa sababu ndezi ubao anautafuna kama mkate. Na mwenye benchi akaanza kusema. Kwanza neno moja moja. Halafu, "Mama Elvis, njoo uone Breki anavyopiga miguu chini, anatutisha sisi." Halafu hadithi za Breki na Trela kugombania kiazi, zenye mwanzo na katikati, mwisho hazina. Majirani wakanicheka: hamli, hamuuzi, sasa hao ni wa nini? Nikawajibu, "Ni wa kumsemesha mume wangu, na wewe wako anasema nini?"

Raha hiyo ilidumu mpaka siku ya kuwaachisha maziwa. Tuliwawekea vilele vya miwa, vibichi kabisa, chakula cha baba zao na mama zao. Walikula. Kesho yake matumbo yalikuwa yamefura, wamejikunja kwenye kona, wanahara. Siku ya nne Klachi akafa. Baba Elvis alimzika mwenyewe, anachimba huku ameegemea gongo, na jioni ile hakugusa chakula. Nilipomwuliza kama atakula alisema, "La," na mimi moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soli za viatu. Nikasema Mungu wangu, hii la naijua, tusirudi huko.

Aliyetuokoa ni wifi yangu Dolphine, dada yake Zablon, aliyeolewa Homa Bay kando ya ziwa. Sasa mimi na Dolphine tunapendana kwa mbali. Yeye ni Mkatoliki, anacheka sana, kwake kuku wanapita sebuleni kama wapangaji, na sufuria ya jana anaiosha kesho. Ndezi anawafuga siku nyingi kwenye shimo la mawe nyuma ya jiko lake, na yeye anawala bila wasiwasi. Alisikia habari za Klachi, akaja na mzigo wa matete ya siku za kwanza na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na ndezi jike mzee, mnene, na chini yake, samahani, kulikuwa na uchafu wa wiki nzima.

"Huyu ni nyanya," Dolphine akasema. "Waweke pamoja, nyar Karungu." Ananiita hivyo, binti wa Karungu, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na akiniita hivyo najua anajiandaa kunitania. "Na lile gunia usilifue. Limwage humo humo."

"Kwangu? Litamwagwa kwako."

Lakini kaka yake alikuwa ameshalimwaga.

Ndani ya wiki mbili Breki na Trela wakawa watu wengine. Matumbo yakakaa sawa, vilele vya miwa wanavikata kraa kraa usiku na mchana, manyoya yanang'aa. Mwezi wa pili Dolphine akamchukua nyanya yake akarudi naye Homa Bay kumtafutia dume. Wale wawili hawakutetereka. Kila Ijumaa mimi nalisugua banda lao kwa maji ya moto na sabuni, kila Jumapili wamenenepa zaidi. Kwenye mkutano wa Dorkasi nikasimama nikatoa somo. Nikasema kina dada, mnaona wale wanyama? Ni usafi. Wakasema amina. Na Baba Elvis nyumbani alikuwa anaongea mpaka mimi nachoka, na kuchoka kule kulikuwa kutamu.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Ijumaa moja nikaamua kupindua godoro na kupiga deki chini ya kitanda mpaka ukutani. Ufagio ukagonga kitu. Nikavuta. Kopo la mafuta ya Kimbo la kilo mbili, kifuniko kimefungwa vizuri. Nikafungua.

Wololo yaye! Kinyesi cha ndezi. Punje punje, kibichi, kopo zima. Chini ya kitanda ninacholalia! Chini ya mto ninaowekea kichwa baada ya kusali!

"Zablon!" Sikumwita Baba Elvis. Alikuja na magongo yake mbio mbio kadiri alivyoweza.

"Mama Elvis, weka chini nikueleze," akasema. "Hiyo ni dawa yao. Mimi nakaa pale siku nzima, naona. Yule nyanya alipokuwa akienda haja, watoto walikuwa wanakula. Wewe ukiosha Ijumaa wanaanza kulegea, kwa hiyo nachota kabla hujaosha, nawarudishia ukienda kulala..."

"Umekuwa unanidanganya?"

"Nilijua utakasirika."

"Wanakula uchafu, na wewe unawapakulia! Na mimi nimesimama mbele ya Dorkasi nikasema ni usafi!"

"Nisikilize kidogo tu, kwa sababu siku ile nyanya alipo..."

"Funga mdomo, Zablon! Sitaki kusikia hadithi nyingine ya ndezi ndani ya nyumba hii!"

Nilisema hivyo. Sikupandwa na shetani, ni mimi, Scovia, kwa mdomo wangu. Na yeye akafunga mdomo.

Kopo lile nilikwenda kulimwaga chooni. Nikatoka pale na hasira zenye nguvu za trekta. Nikalisugua banda mara tatu kwa sabuni na dawa ya kuua viini. Nikatandika wavu wa waya juu ya matofali ili uchafu udondoke chini wasiufikie. Nikaona bado, kwa sababu uchafu walioula uko tumboni. Nilikuwa na dawa ya kuku, ule unga wa njano tunaowapa wakihara. Nikakoroga kwenye maji ya kunywa ya Breki na Trela, siku tano mfululizo, ili wasafike mpaka ndani. Nilijisifu kwa wazo hilo. Haki ya Mungu, nilijisifu.

Siku ya sita Trela hakuinuka kula. Siku ya saba na Breki. Matumbo yamefura kama ya Klachi, vilele vya miwa vimelala mbele yao havijaguswa. Na Baba Elvis kwenye benchi, macho ukutani.

"Umelala salama?"

"Ndiyo."

"Unanikasirikia?"

"La."

Heri angenitukana. Nilirudi jikoni nikalia kwenye aproni mpaka ikabidi niifue. Niliona wazi kabisa mbele yangu: hawa wawili wakifa, mume wangu atazikwa nao akiwa hai, na mimi ndiye niliyechimba.

Javan, bwana mifugo wa sehemu zetu, alikuwa anapita kwa baiskeli kuchanja ng'ombe. Nilitoka nikasimama katikati ya njia na mwiko mkononi, mpaka akafunga breki mbele ya tumbo langu. Nikamkokota nyuma ya jikoni. Akawapapasa ndezi, akainusa midomo yao, akauliza wamekula nini, wamekunywa nini. Nikamweleza yote, hata kopo, hata unga wa njano. Sikuficha kitu. Yeye akakaa kwenye ukingo wa banda akaanza kucheka taratibu, akaona uso wangu, akaacha.

"Mama," akasema, "ndezi hawezi kumeng'enya kilele cha muwa."

"Ndiyo chakula chake!"

"Ndiyo chakula chake, lakini si yeye anayekipika. Ndani ya utumbo wake kuna vijidudu vidogo sana, huwezi kuviona kwa jicho, maelfu kwa maelfu. Vyenyewe ndivyo vinavyoyavunja yale majani magumu, yeye anakula kinachobaki. Mtoto hazaliwi navyo. Anavipata kwa kula kinyesi cha mama yake, na hata akikua anakula chake mwenyewe, mara ya pili anapata kile kilichompita mara ya kwanza. Mzee ameona kitu cha kweli kabisa kwa macho tu. Sisi hilo tunafundishwa darasani." Baba Elvis hakugeuka. "Na ile dawa yako ya kuku haichagui. Imeviua vyote."

"Unaniambia nimewaosha mpaka ndani."

"Umewaosha mpaka ndani, mama."

Niliweka mwiko chini. Lakini mimi si mjinga. Kila mwanamke hapa anajua uji wa kuchacha unavyopikwa: huoshi kile chungu cha kuchachushia, unabakiza cha jana kidogo, na cha leo kinachacha kwa sababu ya kile cha jana. Ukikisugua chungu, utakaa na unga na maji tu mpaka kesho kutwa. Nami chungu hicho ninacho, ndicho chombo pekee nyumbani kwangu kisichoonja sabuni, na sijawahi kukionea aibu. Nikamwuliza Javan, "Kwa hiyo nahitaji cha jana?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Uko nacho?"

Kilikuwa chooni. Cha nyanya kilikuwa Homa Bay, kwa Dolphine. Nikavua aproni.

"Ngoja," Javan akasema. "Ndezi wa huyo wifi yako wanakula nini?"

"Matete ya ziwani. Miwa ataitoa wapi?"

"Basi sikiliza vizuri. Vijidudu navyo vinafuata chakula. Mnyama akilishwa matete, vile vya matete ndivyo vinaongezeka, vile vya miwa vinabaki vichache kwenye kona. Ukileta kinyesi cha kule kisha uwatupie vilele vya miwa siku hiyo hiyo, utawamaliza. Leta na matete yenyewe. Siku za kwanza matete matupu. Kisha unachanganya kilele kimoja, halafu viwili, polepole, tumbo lijipange upya. Ukiharakisha utawazika."

Nilifika kwa Dolphine mchana. Gugumaji lilikuwa limeanza kuziba ghuba mwaka ule, watu wamesimama ufuoni wanalitazama, na Dolphine alikuwa uani anaparua samaki, mizani imemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Nyar Karungu! Siku ya kazi, bila kubeba Biblia? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba kitu."

"Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno ya heshima. Yote yakayeyuka. "Nimekuja kukuomba mavi."

Dolphine alidondosha kisu. Alinitazama, akaomba nirudie, nikarudia. Kisha akacheka, weee, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya samaki, akawaita majirani zake kwa majina. "Njooni msikie! Huyu ndiye wifi yangu aliyekifuta kiti changu kwa leso kabla ya kukikalia! Rudia, mwanangu, rudia, wasikie na hawa!"

Nilikifuta kweli, mwaka wa themanini na tisa. Nikarudia mbele yao wote. Halafu nikamwambia habari za kaka yake, kwamba amefunga mdomo tena na ni mimi niliyemwambia aufunge, na hapo sauti yangu ikakatika. Dolphine akaacha kucheka papo hapo. Akainuka, akanishika mkono kwa mkono wake wenye mizani, nami sikuuvuta.

"Twende shimoni," akasema. "Cha leo asubuhi kipo. Kaka yangu hawezi kunyamaza, atapasuka."

Aliingia mwenyewe akachota kwa mikono. Nilitaka kusubiri juu, nikaona haya, nikaingia na mimi. Mkoba wangu wa kanisani, ule mweusi wenye kishikizo, ndio niliokuwa nao. Tulitia humo, tukatandika majani mabichi juu ili kisikauke. Akanikatia mzigo wa matete machanga ninaoweza kuubeba kichwani, akaahidi kutuma mwingine na wauza samaki wanaokuja soko la Awendo. Safari ya kurudi sitaisimulia. Itoshe kujua kwamba kwenye matatu nilipata nafasi ya kukaa bila kubanwa na mtu.

Kumpa ndezi mgonjwa chakula si mchezo. Hawakutaka. Nilikaa chini kwenye banda, nikautoa ule wavu wa waya nikautupa, nikakatakata matete, nikakanda na kile kinyesi na maji kidogo, kwa vidole, kama nakanda unga wa chapati, nikawatia mdomoni pembeni mwa meno. Breki aliniuma. Nikamwambia una haki. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Siku ya tatu Trela akashika jani la tete mwenyewe kwa mikono yake miwili, akalila mpaka mwisho. Nilipiga vigelegele peke yangu. Nikatazama kwenye benchi. Baba Elvis alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani, ananitazama mimi, si ndezi. Nikamwambia, "Ameshika." Hakusema kitu.

Nilimwomba msamaha jioni ile, wazi, nimepiga magoti kama naomba kwa baba mkwe. Akanishika bega akaniinua. Akasema, "Ndiyo," nayo ilikuwa ndiyo ya upole, lakini bado ni ile ile moja. Nikajua maneno hayarudi kwa kuombwa.

Wiki ya pili nikaanza kuchanganya. Kilele kimoja cha muwa ndani ya matete kumi, nimekikata vipande vidogo. Nalala nasikiliza matumbo yao kama mama mwenye mtoto wa homa. Hayakufura. Viwili. Vitatu vya miwa kwa matete saba. Siku moja niliona wamenyong'onyea, nikarudi nyuma hatua moja, nikangoja, nikaendelea. Mzigo wa pili wa Dolphine ukaja na salamu ambazo mleta samaki alikataa kuzirudia mbele ya mtu aliyeokoka. Ijumaa ya kwanza nilifua nguo, nikapiga deki nyumba, nikapita mbele ya banda na ndoo ya maji ya moto, mkono ukiwasha. Nikaimwaga ndoo kwenye migomba.

Ijumaa ya tatu ndiyo ilikuwa siku ya vilele vitupu. Jua lilikuwa limeshuka. Nilikuwa nimekaa ndani ya banda, gauni la kazi, mikono mpaka kwenye viwiko imetapakaa kinyesi, kwa sababu bado nilikuwa nawatilia kidogo kila siku kama Javan alivyosema. Kinamama wawili wa Dorkasi wakapita nyuma ya ua, wamekwisha kuoga, wamefunga vilemba. Wakasimama. Mmoja akasema, "Dada Scovia! Sabato inaingia, hujajiandaa?"

"Nimejiandaa," nikamjibu. "Na lile somo langu la usafi, mlifute. Wiki ijayo nitalitoa upya, mje na madaftari." Waliondoka wakitazamana.

Nikaweka vilele viwili vya miwa, vizima, bila tete hata moja. Breki akanusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena. Kisha akakishika akakata, kraa, na Trela akaja kukinyang'anya, kukawa na vita kwenye banda, miguu inapigwa chini, wote wawili wanatafuna huku wanavutana. Wanatafuna muwa! Nililia, nikacheka, nikajifuta machozi kwa mkono bila kukumbuka kilichokuwa mkononi.

"Mama Elvis."

Nikaganda pale pale.

"Naam, Baba Elvis."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, gongo moja tu. Alinitazama usoni muda mrefu, midomo inamtetemeka, nikadhani analia.

"Unanuka," akasema.

Halafu akapasuka. Alicheka kicheko chake cha zamani, kile kinachoanzia tumboni na kumlazimisha kushika kitu. Akakosa cha kushika, akanishika mimi kichwani, akaketi kwenye mawe kando yangu, ndani kabisa ya uchafu ule, na suruali yake safi ya kuingilia Sabato. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ndezi walitushangaa, hawakuacha kula.

Alipotulia akajifuta macho. Akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayeanza safari ndefu. "Sasa nikwambie," akasema, "siku ile nyanya alipoingia humu, mimi nilikuwa nimekaa pale, si unajua pale, na mvua ilikuwa haijanyesha, au ilinyesha? Ilinyesha asubuhi. Basi yule nyanya akatoka kwenye gunia, akasimama, akamtazama Breki..."

Akameza mate, akanitupia jicho la pembeni, jicho la mtu anayepima kama njia iko wazi. Jua lilikuwa limezama. Chakula kilikuwa kinapoa jikoni.

Nikamsogelea. "Halafu?" nikamwuliza.